Wakuu, nimalize kwanza kusoma au niingie kwenye harakati?

Msomaji_Usiku: Wakuu, habari zenu. Mwezi wa nane sasa niko kwenye kikundi cha kusoma nadharia ya ujamaa, tunasoma juzuu ya kwanza ya Kapitali ya Marx (1867). Kazini wenzangu wanaandaa mgomo kupinga saa za ziada zisizolipwa. Je, mtu ambaye hajaielewa nadharia ya thamani, yaani maelezo ya Marx kuhusu thamani ya bidhaa inatoka wapi, anaweza kuongoza wenzake? Silali.

Bi_Kalamu: Soma, mwanangu. Sisi tuligoma kwa hasira tu. Siku ya tatu kila mtu ana dai lake, ya nne tukarudi kazini vichwa chini. Mpaka leo inaniuma.

Fundi_Nyundo: Sijaona kitabu kilichomlipa mtu saa za ziada.

Tumaini77: Tatizo letu ni maadili. Kiongozi akiwa mwizi, ujamaa utamfanya nini?

Mzee_Tata: Ndugu, "kuongoza" kumetokea wapi? Wewe una nafasi gani kwenye huo mgomo?

Msomaji_Usiku: Sawa, niseme. Walinichagua katibu wa kamati. Jumatatu nikawajibu siko tayari, namalizia kusoma. Lakini hata Lenin, yule mwanamapinduzi wa Urusi, aliandika mwaka 1902 kwamba bila nadharia ya kimapinduzi hakuna vuguvugu la kimapinduzi. Kosa langu liko wapi?

Mzee_Tata: Alipoandika hayo alikuwa ameshafungwa na kuhamishiwa Siberia kwa sababu ya harakati. Marx naye, mwaka 1864 alikuwa akikaa vikaoni London na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Kapitali ikiwa bado miaka mitatu itoke. Fungua sura ya siku ya kazi usiku huu. Imejaa ripoti za wakaguzi wa viwanda, na utaona wafanyakazi wa Uingereza walivyoipigania sheria ya 1847 ya saa kumi za kazi kwa siku. Hilo ndilo dai lenu hasa!

Jicho_Kali: Akaunti ya jana, mgomo, Lenin, usingizi hakuna. Wakuu, hii chai.

Msomaji_Usiku: Si chai. Nimekwama kwenye mfano wa Marx wa thamani, pale yadi 20 za kitani zinapokuwa sawa na koti moja. Pembeni nimeandika "kwa nini?" mara tatu kwa penseli. Na ndani ya kitabu nimeweka karatasi ya majina ya wanaodai. Langu lilikuwa la kwanza. Nililikata mwenyewe.

Jicho_Kali: Niwie radhi, ndugu. Kikao lini?

Msomaji_Usiku: Kesho jioni. Katibu mwingine bado hawajampata.

Fundi_Nyundo: Basi nenda na hiyo karatasi.