Kurenda (kompyuta kugeuza mchoro kuwa picha kamili) kumekuwa kuzito baada ya apdeti, nifanyeje?

mchoraji_tudor: Jamani salaam. Juzi nimeapdeti programu ya kuchorea nyumba na tangu hapo kurenda ni balaa, picha moja ya nyumba ya Nyali ilikuwa dakika kumi sasa nakaa lisaa lizima laptopu yanguruma kama matatu yapanda mlima, na mteja ataka picha tatu kesho asubuhi. Halafu ukuta wa kaskazini uko gizani saa sita mchana, na huu ni mwezi wa sita! Nirudi toleo la zamani?

bi_ramani: Usirudi. Faili ukishaisevu kwa toleo jipya, la zamani huenda likakataa kuifungua. Angalia kama inarenda kwa kadi ya grafiki ama imerudi kwa prosesa tupu, mimi ilinipata hiyo, nikaweka draiva mpya, ile programu ya kuendesha kadi, ikatulia.

fundi_kongowea: Kivuli nacho ni lokesheni imejirudisha Ulaya kaka. Mombasa tuko digrii 4 kusini mwa ikweta, mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini yetu. Weka Mombasa, majira ya saa UTC +3, kisha renda saa kumi jioni, baraza lapata kivuli cha mshazari, tamu sana. Na za majaribio fanya 960 kwa 540, hiyo ni robo ya pikseli za 1920 kwa 1080.

mchoraji_tudor: Wallahi ilikuwa prosesa! Sasa dakika nane. Minazi tu ndiyo yanikwamisha, kila mmoja na makuti yake yote.

bi_ramani: Ya nyuma weka picha bapa badala ya mti kamili bwana, nani atahesabu makuti?