Chati ya kazi kwa watoto: nyota ukutani, mbegu kwenye chupa au hela kabisa?

MamaWatatu_Makorora
Habari za jioni wadau. Nina watoto watatu, miaka 4, 7 na 11, na jamani kila siku fagia, tandika, toa sahani, sauti imenikauka. Nataka tutengeneze chati hapa nyumbani ila nipo njia panda, manila ya nyota, chupa ya kujaza mbegu, au niwape tu mia mia? Aliyejaribu aniambie ipi ilidumu maana kuanza kila mtu anaanza.

fundi_baiskeli
Hela usithubutu dada. Nilianza na mia kila kazi, mwezi haujaisha namwambia kijana lete maji mgeni anawe, ananiuliza "baba, hii shilingi ngapi?" mgeni kakaa pale pale. Iliniuma sana, nikaifuta siku ileile.

MwalimuChumbageni
Mi nasema manila, ila waitengeneze wenyewe. Sisi tulikaa mkekani Jumamosi na maka peni mbili na rula, mdogo hajui kusoma kwahiyo alichora ufagio, sahani na kitanda, nyota tukakata kwenye maboksi ya sabuni tukabandika kwa uji wa unga wa ngano. Kazi tatu tu kwa mtoto, ukiweka kumi hata wewe utachoka kukagua. Na usiandike "kuwa mtoto mzuri", andika "kupanga viatu mlangoni", kitu anachokiona kimeisha. Nyota apewe hapohapo, sio usiku ukikumbuka. Wa miaka 4 hawezi kusubiri mwisho wa mwezi, wangu zikifika 5 anachagua hadithi ya kulalia au tunatembea mpaka ufukweni Raskazone. Shida ni unyevu wa bahari, manila inajikunja, ifunike nailoni.

ubuyu_mwekundu
Sisi chupa ya maji ya lita moja na nusu, tumekata shingo, mstari katikati, kila kazi mbegu moja ya ubuyu, zikifika mstarini wanachagua chakula cha Ijumaa. Uzuri wake chupa ni moja ya wote, kwenye nyota bintiyangu akiona kaka yake kampita alikuwa analia na kususa kabisa. Ila wa miaka 6 alimung'unya ubuyu akatumbukiza mbegu saba, nimeziona bado zina rangi. Tukahamia vifuniko vya soda tulivyovipiga alama. Na kama una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, mbegu ziweke mbali.

kijana_wa_Donge
Kuna utafiti wa Marekani wa 1973, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti wakichora. Siku za baadaye walipoachwa wacheze watakavyo, wale walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Kwahiyo kazi anayoipenda mwenyewe usiiwekee nyota, weka kwenye zile anazozikimbia.

Bibi_Msambweni
Wanangu, mie nilikaa nao tu jikoni, huyu yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, huyu anachuja tui, huyu anachambua mchele, na maneno yanaendelea. Mtoto anataka kuwa na wewe. Chati wekeni, lakini "ahsante mwanangu" isihamie kwenye karatasi.

MamaWatatu_Makorora
Shikamoo bibi, nimekuelewa. Basi wa 4 manila ya picha, wakubwa wawili chupa moja. Wa 11 nimemuuliza kasema nyota ni za watoto, anachotaka ni kuchagua zamu yake mwenyewe, nimemkubalia. Na wa 7 anapenda kukuna nazi, hiyo naiacha bila kitu. Fundi, ulipofuta hela hakugoma?

fundi_baiskeli
Alinuna siku tatu. Sikumgombeza, jioni nikawa namwita tufute baiskeli pamoja, mi mnyororo yeye ringi. Siku ya nne nimerudi nakuta ndoo ya maji imejaa mlangoni.