Jibu: Hoki ya barafu kwa aliyevuka miaka arobaini

Ndugu zangu,

Tangu nihamie nchi ya baridi nimevutiwa mno na hoki ya barafu, na sasa natamani kuicheza, si kuitazama tu. Nimevuka miaka arobaini na sijawahi kusimama juu ya barafu. Je, nimechelewa? Na ninunue nini kwanza?

---

Dada mpendwa,

Hujachelewa. Gordie Howe, mchezaji mashuhuri wa Kanada, alitimiza miaka 52 akiwa bado anacheza katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, msimu wa 1979/80. Yeye alikuwa mtu wa ajabu na hafai kuwa kipimo cha yeyote kati yetu, lakini ligi za burudani zina wachezaji wengi wa umri huo, na uzuri wake ni kwamba nyingi zinakataza kugongana miili kwa makusudi. Uliza kanuni hiyo kabla ya kujiandikisha. Uliza pia ratiba, kwa maana saa nzuri za uwanjani kwa kawaida huachiwa watoto, nasi watu wazima tukapewa za usiku sana.

Kuhusu ununuzi, fedha yako ya kwanza iende kwenye viatu vya kuteleza, wala usihangaike na gongo la kuchezea, kwani gongo la bei nafuu lenye urefu unaokufaa linatosha kabisa kwa anayejifunza. Viatu hivi mara nyingi huwa vidogo kwa namba moja au zaidi kuliko viatu vyako vya kawaida: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, na ukikunja magoti kisigino kitulie nyuma bila kuinuka. Bapa la chuma lililo chini ya kiatu lina kingo mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake kuna mfereji mwembamba unaochongwa upya kila linaponolewa. Mfereji wenye kina hushika barafu vizuri unapokata kona, ila hupunguza mtelezo na huchosha miguu. Kwa hiyo mwombe mnoaji akupe kina cha wastani, kisha ubadilishe kadiri unavyozoea. Futa bapa likauke kila utokapo uwanjani, la sivyo kutu italila.

Pedi za magoti, viwiko na mabega waweza kununua zilizokwisha kutumika. Helmeti, hapana, nunua mpya, yenye wavu wa kukinga uso. Usiache pia kinga ya shingo. Mwezi Oktoba 2023 Adam Johnson alifariki mchezoni huko Sheffield, Uingereza, baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha mchezaji mwingine, na shirikisho la kimataifa likafanya kinga hiyo kuwa ya lazima katika mashindano yake.

Kabla ya kugusa kile kisahani cha mpira mgumu, jifunze kujisimamisha ukiwa mwendoni, kwa pande zote mbili, na kuteleza kinyumenyume. Wengi hujifunza upande mmoja tu, na kasoro hiyo huwafuata miaka mingi. Pumzi isikutishe sana, kwa sababu wachezaji hubadilishana mfululizo, kila mmoja akikaa barafuni kwa dakika moja hivi kabla ya kurudi benchi. Hata hivyo, mbio hizo fupi hupandisha mapigo ya moyo ghafla, na kwa umri wetu ni busara kumwona daktari kwanza.

---

Dada, shikamoo.

Nakubaliana na kaka aliyetangulia, nami naongeza mawili. Ukiona kuteleza mbio hakukupendezi, fikiria ukipa: vifaa vyake ni ghali zaidi, lakini timu za burudani huwa na uhaba wa makipa, na baadhi huwapunguzia ada au kuwasamehe kabisa. La pili ni begi. Ukifika nyumbani, hata kama ni usiku wa manane, toa kila kitu na ukitandaze mahali penye hewa, kwa sababu jasho likilala humo siku mbili, waishio nawe watakuomba uchague kati yao na hoki.