RE: Laptopu ya zamani, nimelipia 300 napata 94

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Nipo Columbus, Ohio. Nimelipia kifurushi cha megabiti 300 kwa sekunde, lakini laptopu yangu ya 2012, tena niliyoichomeka waya kwenye ruta, haivuki 94 hata usiku wa manane. Kampuni inasema nipande kifurushi cha juu. Nilipe? Hela yenyewe ni ya shifti.
Mama Wawili

Dada, usiongeze hata senti. Hiyo 94 yako imeshasema kila kitu. Laini mbovu hupanda na kushuka. Namba ikiganda hapo, ujue njiani kuna kitu kinachopitisha megabiti 100 tu. Hata ukilipia 1,000 utabaki pale pale.

Chomoa huo waya, kichwa chake kiinue kwenye mwanga. Plastiki inaonyesha ndani, hesabu nyaya. Kasi ya gigabiti, yaani megabiti 1,000, inataka zote nane. Ukiona nne tu, jozi ya chungwa na jozi ya kijani, umeshamkamata mchawi. Mimi nilikaa na waya wa namna hiyo miaka miwili, kila mwezi nikigombana na watu wa huduma kwa wateja.

Zikiwa nane, basi huenda tatizo ni tundu la laptopu. Nyingi za bei nafuu za wakati ule zilitoka na la megabiti 100. Tafuta adapta ya waya wa mtandao ya USB 3.0, uichomeke kwenye tundu la 3.0, ambalo mara nyingi ulimi wake ni wa buluu.

Waifai nayo: kadi nyingi za zamani hushika mawimbi ya gigahezi 2.4 peke yake, na kwenye maghorofa kila jirani yupo hapo. Adapta ndogo ya USB inayoshika gigahezi 5 inatosha.
Kaka yenu, Dayton

Kaka, nimehesabu: nne! Nimenunua waya wa Cat 6, wenye nyaya zote nane, sasa napata 291. Ahsante sana. Ila kurasa bado zinachelewa kufunguka.
Mama Wawili

Hapo sasa huenda si intaneti, dada, ni diski ya kuhifadhia vitu ndani ya laptopu. Kama bado ni ile ya kuzunguka, utaisikia ikikwaruza ukifungua kivinjari. Nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA (aina ya kiungio) ya inchi 2.5, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ifike giga 8. Jumamosi napita Columbus, nitakuja na bisibisi. Picha za watoto zihamishe mapema.
Kaka yenu, Dayton