Kiwandani wanamwaga maji ya njano usiku. Niripoti au nitulie?

Mzamu: Wakuu, naombeni ushauri. Nafanya kazi kiwanda cha kupaka vyuma kromu. Maji yanayosuuzia vyuma yanatakiwa yasafishwe kwanza, lakini siku hizi usiku yanafunguliwa moja kwa moja mferejini, ya njano kabisa, yanaingia mtoni. Niripoti au nitulie? Usingizi sipati.

Mama Wawili: Acha kazi. Riziki anatoa Mungu, siyo kiwanda.

Kizibo: Mimi nilikaa jirani na kiwanda cha ngozi miaka mingi. Ile harufu! Wageni walikuwa hawamalizi chai. Tulilalamika mpaka tukachoka, mwisho tukahama sisi.

Nauliza Tu: Mzamu, yanafunguliwa na nani? Hapo umeparuka haraka.

Mzamu: Msimamizi wa zamu.

Nauliza Tu: Na wewe unamwogopa kwa nini?

Mzamu: Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyeniingiza kazini. Nimeshaongea naye, kasema dawa ya kusafishia imeisha, nisubiri iletwe. Nikakubali. Msinihukumu jamani, akifukuzwa ni nyumba mbili zinalala njaa. Halafu mto ni mkubwa, maji yanachanganyika.

Mama Wawili: Na wanaokunywa huko chini hawana shemeji?

Fundi Tangi: Kuchanganyika hakuiondoi sumu. Hinkley, California, huko Marekani, maji yenye kromiamu sita, aina ya kromu yenye sumu kali, yalimwagwa kwenye mabwawa yasiyozibwa chini kuanzia 1952 hadi 1966, yakapenya hadi kwenye maji ya visima. Fidia ya dola milioni 333 ilikuja 1996. Angalia hiyo miaka.

Jicho Kavu: Hii chai. Nimeingia viwanda hivyo, taka ya kromu ni ya kijani. Njano imetoka wapi? Jamaa anatunga.

Kizibo: Eeh, na mimi nilianza kushtuka.

Mzamu: Kijani ni ile iliyopita kwenye tangi la dawa. Hii haipiti.

Fundi Tangi: Jicho Kavu, umemsaidia bila kujua. Kromiamu sita, ile ya sumu kali, ndiyo ya njano. Unaitia asidi mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ifike 2 au 3, unaweka ile dawa, sodiamu baisalfaiti, inageuka kromiamu tatu ya kijani. Kisha chokaa inaizamisha iwe tope. Mtu anayetunga angesema kijani kama wewe. Shirika la Afya Duniani linataka kromiamu yote kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.05 kwa lita. Kuchemsha hakuitoi.

Jicho Kavu: Sawa, nimekuelewa. Ushahidi anao?

Mzamu: Nina chupa moja. Ila nilitaka shemeji apate nafasi ya kurekebisha kwanza.

Fundi Tangi: Mpe nafasi ya kufunga valvu leo, siyo ya kusubiri dawa. Chupa uliijaza lini?

Mzamu: Jana usiku.

Fundi Tangi: Iweke kwenye barafu, andika saa na mahali. Kromiamu sita hupimwa ndani ya saa 24, usipoiwekea dawa ya kuihifadhi. Chupa ifike maabara kabla ya jioni, na nakala ya majibu iende kwa wakaguzi wa mazingira.

Mzamu: Naenda. Shemeji nitampigia nikiwa njiani.