Ashramu India ilizuia pasipoti yangu mpaka nilipe mchango. Mnaopeleka watu huko, jibuni

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Kila nikifungua simu nakutana na matangazo ya safari za kwenda India kutuliza roho, na wanaochangamkia ni akina mama na vijana ambao, kama mimi, hawajawahi kuikanyaga nchi ile. Ashramu yenyewe, yaani makao ya ibada ya Kihindu niliyofikia, na wakala aliyenipeleka siwataji majina hapa, kwa sababu malalamiko yangu ya maandishi tayari wanayo. Ninachotaka mjue ni walichonifanyia, na kwamba hata sheria za India hazikiruhusu.

Nilichoambiwa kabla ya kuondoka ni hiki: malazi na chakula ni bure, mgeni anatoa anachojaliwa siku ya kuondoka, anashiriki ibada za alfajiri na jioni, na anajitolea kazi kidogo. Mahali ni kijijini Saurashtra, ile rasi ya Gujarat walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa kwetu. Wakala nilimlipa tiketi ya ndege, usumbufu wa viza na gari la kunitoa stesheni ya Rajkot. Hapo sina ugomvi naye, gari lilikuja.

Ugomvi unaanzia mlangoni. Karani wa ofisi alichukua pasipoti yangu, akaifungia kwenye droo, akasema nitaipata nikiondoka. Nikauliza kwa nini. Akajibu ni amri ya polisi. Si kweli. Sheria ya India inamtaka anayelaza mgeni wa nje, iwe hoteli, nyumba ya mtu au ashramu, apeleke taarifa zake serikalini ndani ya saa 24 kwa ile wanayoiita Fomu C. Inajazwa mtandaoni, na kwa kazi hiyo nakala ya pasipoti na ya viza inatosha. Hakuna mahali inaposemwa pasipoti ilale kwenye droo ya mtu. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania. Na kijijini kule bila pasipoti umefungwa miguu: hununui laini ya simu, hupokelewi nyumba ya wageni, na kwenye treni mkaguzi akikutaka kitambulisho huna cha kumwonyesha. Ubalozi wetu uko New Delhi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale. Niliwaeleza hayo yote. Wakanijibu kwa tabasamu na kikombe cha chai.

Kesho yake ikaja karatasi. Raia wa India rupia 300 kwa usiku, mgeni wa nje rupia 2,500, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba huo ni mchango. Nikauliza ilipokwenda ile ya kutoa unachojaliwa. Nikaambiwa bei hiyo ndiyo inayofaa watu wa nje kwa kuwa tuna uwezo. Uwezo! Nimeweka akiba ya mshahara wa ualimu kwa miaka ili nione mahali watu wanapoishi kwa kuacha tamaa, halafu mtu anatazama jalada la pasipoti yangu na kukadiria mfuko wangu. Nikaomba risiti, hakuna. Nikaomba kulipa benki, hapana, fedha taslimu. Nikasema basi nipeni pasipoti yangu nitafute pa kulala mjini Junagadh. Mwenye ufunguo amesafiri, hajulikani atarudi lini. Mwenye ufunguo alirudi jioni ileile nilipokubali kulipa.

Kwa wanaosema mgeni hana la kufanya, someni hapa. India ina sheria ya michango ya kigeni ya mwaka 2010. Taasisi ya pale hairuhusiwi kupokea mchango wa raia wa nchi nyingine bila usajili au kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 fedha hizo lazima zipitie kwanza kwenye akaunti maalumu ya Benki ya State Bank of India, tawi kuu la New Delhi. Sasa rupia zangu zilizoingia kwenye droo ya mbao kijijini Saurashtra zilikuwa nini? Zikiwa mchango, ziko wapi karatasi za sheria hiyo? Zikiwa kodi ya chumba, iko wapi risiti, na kwa nini chumba kilekile, godoro lilelile, ndoo ileile ya kuogea, kinamgharimu mmoja zaidi ya mara nane ya mwenzake?

Fedha hata hivyo siyo iliyoniuma kuliko yote. Iliyoniuma ni bwalo.

Wageni na wakazi wa ashramu tulikaa chini kwa mistari, sahani za chuma mbele, tukapakuliwa wali, dengu na chapati. Wale waliokuwa wanazoa kinyesi zizini na kusafisha vyoo vyetu, watu wa kijiji hichohicho wa tabaka linalohesabiwa najisi, hawakuingia. Walikula nje karibu na bomba, kwenye vyombo vilivyowekwa kando, na mama aliyepakua alikuwa anakidondosha chakula kutoka juu ili mwiko wake usiguse sahani zao. Nikadhani ni mara moja. Ilikuwa kila mlo. Nilimuuliza kijana mmoja mkazi, akasema wenyewe ndivyo wanavyopenda. Nikaenda kuwauliza wenyewe kwa Kihindi changu cha kubabaisha. Yule mama mkubwa wao aliinamisha kichwa na kuendelea kula.

Ibara ya 17 ya Katiba ya India imefuta kumtenga mtu kwa kumhesabu najisi, na Katiba hiyo inatumika tangu mwaka 1950. Na ofisini kwao, juu ya ile droo, wametundika picha ya Gandhi! Gandhi huyo ni mtoto wa Saurashtra, kazaliwa Porbandar mwaka 1869. Alipoanzisha ashramu yake ya kwanza India, pale Kochrab karibu na Ahmedabad, mwaka 1915, aliipokea familia ya mwalimu Dudabhai, watu wa tabaka lililotengwa. Wafadhili wakakata fedha. Hata kisimani wakasumbuliwa. Gandhi akasema fedha zikiisha watahamia kuishi mtaa wa hao waliotengwa, na familia haikuondoka. Mtu unawezaje kuitundika sura yake ukutani, ukaweka maua safi kila asubuhi, halafu mwanamke anayekusafishia choo ukamdondoshea chakula kutoka juu? Sijapata jibu na bado nalitaka.

Jambo jingine nitalisema kwa kifupi kwa sababu ni aibu. Asubuhi moja nilipokuwa naenda jikoni kusaidia, nilisimamishwa mlangoni mbele ya wanaume na kuulizwa kama niko hedhini. Kama kuna utaratibu wa kumzuia aliye hedhini asiingie jikoni, waandike na mwanamke asome mwenyewe kabla hajalipa nauli ya ndege. Na kazi ya kujitolea? Sisi wa rupia 2,500 tulipewa ufagio na samadi. Wageni waliolipia tiba ya mafuta na juisi iliyokuwa inatolewa palepale hawakushika hata kijiko. Weusi tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja Mkenya, na wote wawili tulipangiwa zizi. Walioanza kwa kuniuliza kama mimi ni Msiddi walikuwa watu wa kijijini, kwa sababu wanawajua Wasiddi wenye asili ya Afrika wa kule Jambur karibu na msitu wa Gir, na waliniuliza kwa udadisi wa kawaida wa mtu na jirani. Wa ashramu hawakuniuliza kitu, walinipanga tu.

Msije mkasoma hapa mkaona ninawatukana Wahindi. Kijiji kile kilinipokea kuliko ashramu. Nilipotoka kwa miguu kupita mashamba ya pamba na bizari, mama mmoja aliniita uani kwake, akanikalisha kitandani, akanipa mkate wa uwele wa moto, bilingani la kuchoma, sukari guru na mtindi mwepesi, na nilipotoa noti alinikasirikia kweli. Kuna mzee nilimkuta kwenye duka la viungo karibu na kituo cha basi; kusikia natoka Tanzania, akaniuliza kwa Kiswahili safi nimetoka mkoa gani. Kazaliwa Mwanza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, macho yakamlenga machozi. Nikamsimulia yaliyonipata. Akasema, "Mwanangu, hao ni wafanyabiashara. Nenda Virpur ukaone."

Nikaenda, pasipoti nikiwa nayo mkononi. Virpur ni mji mdogo kwenye njia ya Rajkot kwenda Junagadh, ni nyumbani kwa Jalaram Bapa, mtakatifu wa Kihindu ambaye Walohana, ile jamii ya wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat, wa Nairobi, Kampala na Dar wanamwomba mpaka leo. Yeye na mkewe Virbai walianza kulisha wapita njia mwaka 1820, na jiko hilo bado linapika. Tangu Februari 2000 hekalu hilo halipokei mchango wowote. Hakuna kisanduku. Nilitafuta kwa macho, sikukiona. Nilikaa mstari mmoja na dereva wa lori, bibi kizee na watoto wa shule, nikala "bundi" (si ndege, ni vidonge vitamu vya unga wa dengu) na gathia, vijiti vya unga wa dengu vya kukaanga, hakuna aliyeniuliza jina, dini wala nchi. Kwa hiyo asinijie mtu hapa na hoja kwamba ashramu haiwezi kuendeshwa bila kuwakamua wageni, au kwamba India ndivyo ilivyo. Mwendo wa basi tu kutoka kwenye ile droo, watu wanalishwa bure kwa zaidi ya miaka 200.

Wakala nilipomrudia, alinijibu ujumbe mmoja: huo ndio utaratibu wa huko, ungevumilia. Nivumilie nini? Analipwa kamisheni kwa kila kichwa anachopeleka, hilo amenikubalia kwa mdomo wake. Ninataka mambo matatu kutoka kwake na wenzake wa biashara hii. Bei ya mgeni wa nje iandikwe kwenye tangazo, kwa tarakimu. Ashramu isiyokubali kurudisha pasipoti papo hapo baada ya kuchukua nakala, isipelekewe Mtanzania hata mmoja. Na tofauti ya fedha niliyotozwa kinyume na makubaliano nirudishiwe; asiponijibu barua yangu ninaipeleka Tume ya Ushindani na vielelezo vyote ninavyo, pamoja na picha ya ile karatasi ya bei.

Wewe unayesoma na tiketi umeshakata: tembea na nakala za pasipoti, viza na kadi ya homa ya manjano, wape nakala, pasipoti halisi usiiachie. Wakikataa, ondoka siku hiyohiyo kabla giza halijaingia.

Na aliyepitia haya kwenye ashramu yoyote kijijini Gujarat, Maharashtra au kwingineko, aandike hapa chini jimbo, mwaka, kiasi alichotozwa na kama alipewa risiti. Dada wa Kenya tuliyekuwa naye ameshanitumia vyake.