Naomba ushauri: intern wa kike, nataka ubingwa wa upasuaji, nyumbani wanasema dini hainiruhusu

BintiBarazani:
Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine wote habarini za jioni.

Mimi ni intern, yaani daktari wa mafunzo, kwenye hospitali moja ya rufaa huku Pwani. Nimeshapita wodi ya watoto na ya uzazi, sasa nipo upasuaji, na moyo wangu umeshatulia hapa. Ila yapo yanayonikosesha usingizi.

Kubwa ni Magharibi. Majeruhi wa bodaboda wanaletwa jioni, watu wakitoka makazini. Tumbo linafunguliwa saa 12 jioni, kuja kulifunga ni saa 2 usiku, na navua glavu Isha imeshaingia. Naswali, lakini sijui hata nimetia nia gani.

Halafu ushungi. Msimamizi wa chumba cha upasuaji kila zamu ananitaka nivae ile kofia fupi, masikio na shingo vibaki nje. Anasema ni usalama wa mgonjwa. Sitaki kubishana naye mbele ya watu, ni mtu mzima.

Mwisho ni mama. Ananisihi nisomee watoto au uzazi, nisishinde napapasa miili ya wanaume. Mjomba aliyenilipia ada ya chuo anasema hivyo hivyo. Mwakani nataka kuomba ubingwa. Niache upasuaji?

Mzalendo_Halisi:
Dokta, hospitali si msikiti. Chagua moja. Mgonjwa aliyelala mezani hana haja ya kujua wewe unaswali saa ngapi.

SistaRehema:
Mzalendo, mimi ni Mkristo na ni muuguzi wa chumba cha upasuaji mwaka wa kumi na kitu sasa. Hakuna mgonjwa aliyedhurika kwa sababu daktari alikwenda kuswali dakika saba kati ya operesheni na operesheni. Wengine wanatoka kuvuta sigara muda mrefu kuliko huo na hakuna anayewasema.

Mdogo wangu, sema mapema. Asubuhi orodha ya operesheni ikisomwa, mwambie bingwa wako: "Naomba nikipata nafasi kabla ya Isha niswali." Anayekera ni yule anayepotea bila kuaga. Na zamu mnabadilishana. Mimi Krismasi nakaa nyumbani na wanangu kwa sababu kuna wenzangu Waislamu wanaoishika ile zamu, na Idd mbili zote naishika mimi. Hatukuandikiana popote, tumezoeana tu.

UstadhMajengo:
Wa alaykum salaam binti yangu. Nikuondolee uzito kwenye Magharibi kwanza.

Imepokewa katika Sahih Muslim, kutoka kwa sahaba Ibn Abbas, kwamba Mtume (s.a.w.) alijumuisha, yaani aliswali pamoja kwa wakati mmoja, Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina, bila hofu wala mvua. Ibn Abbas alipoulizwa sababu, akajibu kwamba hakutaka kuutia umma wake katika dhiki. Sisi huku Pwani ni Mashafii, na kauli mashuhuri ya madhehebu yetu haimruhusu mkazi, asiye safarini, kujumuisha kwa shughuli tu. Lakini Imam Nawawi mwenyewe, mwanazuoni mkubwa wa Kishafii, akiisherehesha hadithi hiyo, ametaja wanazuoni walioruhusu kwa haja, maadamu mtu hafanyi mazoea, na miongoni mwao wamo Mashafii wakubwa kama Abu Ishaq al-Marwazi na Ibn al-Mundhir. Na tumbo la mtu lililo wazi ni haja iliyo wazi.

Kwa hiyo ukiona operesheni itakula wakati wote wa Magharibi, tia nia moyoni, wakati wa Magharibi ukiwa bado upo, kwamba unaichelewesha uijumuishe na Isha. Ukitoka, swali Magharibi rakaa tatu, kisha Isha. Hiyo si kadha, yaani si swala ya kulipa iliyopitwa na wakati. Ila siku operesheni inaanza saa 1 usiku na Magharibi imeingia saa 12 na nusu, hapo huna udhuru, swali kwanza ndipo unawe. Na nguo iliyorukiwa na damu ibadilishe, weka safi kwenye kabati lako.

DktUpasuaji_Mama3:
Mdogo wangu, mimi ni bingwa wa upasuaji, navaa hijabu, na sijawahi kuivua kazini.

Huyo msimamizi hoja yake ni ya kweli, usiipuuze. Ushungi uliotoka nao kwenye daladala usiingie chumba cha upasuaji. Ncha zinazoning'inia zinagusa eneo lililotakaswa, na pini ikidondoka ndani ya tumbo ni balaa. Lakini jibu la hayo ni kubadilisha kitambaa, shingo yako ibaki imefunikwa. Kofia ya kuziba kichwa na shingo, inayoacha uso tu, inafunika nywele vizuri kuliko hiyo fupi. Mtafute msimamizi ofisini kwake, siyo kwenye sinki, umwonyeshe kofia yenyewe, umwombe mlipeleke kwenye kamati ya kuzuia maambukizi. Hospitali moja ya Derby, Uingereza, ilianza mwaka 2019 kutoa hijabu maalumu za kutupwa baada ya kutumika. Mwambie hilo.

Mikono: unapandisha nguo ukiwa unanawa, hadi juu ya viwiko, kisha gauni lililotakaswa linafunika mpaka kwenye glavu. Ni dakika chache na ni dharura ya kazi.

MjukuuWaKilwa:
Mimi si daktari, lakini hili la mama yako limenigusa.

Marehemu mama yangu alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliuficha. Tulimgundua siku tunamsaidia kuoga akiwa na homa, tayari ngozi imevutwa ndani na kidonda kimeanza kutoa maji. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba pale hospitali aliwahi kwenda, akaingia chumbani, akakuta vijana watatu wa kiume, akafunga kanga yake akarudi nyumbani. Hakurudi tena. Alikuwa mwanamke wa ushungi maisha yake yote.

Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah ilitoa azimio mwaka 1993: mgonjwa mwanamke atazamwe kwanza na daktari mwanamke Mwislamu, akikosekana mwanamke asiye Mwislamu anayeaminika, ndipo daktari mwanamume Mwislamu, na wa mwisho mwanamume asiye Mwislamu. Sasa huyo wa kwanza atatoka wapi, kama kila binti wa Kiislamu anayetaka upasuaji anaambiwa akasomee watoto? Titi linapasuliwa na daktari wa upasuaji, si wa watoto. Msomee mama yako haya niliyoandika. Msomee kama yalivyo.

UstadhMajengo:
Allah amrehemu mama yako. Nami naongeza: sahaba wa kike, Rubayyi' bint Mu'awwidh, amesimulia, na imo katika Sahih Bukhari, kwamba walikuwa wakienda vitani na Mtume (s.a.w.), wakiwanywesha maji na kuwatibu majeruhi. Majeruhi wale walikuwa wanaume. Tazama unachokihitaji, funika kisichohitajika, asikae mtu faragha na mgonjwa bila mwenzake.

Likoni_Boy:
Na Ramadhani usiogope. Ukiona kweli unazidiwa na mgonjwa anakutegemea, unafungua, kama aliyefungua kumwokoa anayezama. Baadaye unalipa siku, na kwa Shafii unatoa na kibaba cha chakula. Mara nyingi lakini haifiki huko, tende tatu na maji kwenye mfuko wa koti zinatosha.

BintiBarazani:
Allah awalipe nyote. MjukuuWaKilwa, pole sana ndugu yangu, nimemsomea mama usiku huu. Hajasema ndiyo. Ameuliza kama nikishakuwa bingwa nitaweza kumtazama shangazi, ambaye naye anakataa kwenda hospitali. Nimemwambia shangazi asinisubiri mimi, Jumatatu nampeleka mwenyewe, yupo dokta wa kike kliniki.

DktUpasuaji, hizo kofia unanunua au unashona?

DktUpasuaji_Mama3:
Nashonesha. Pamba tupu, isiwe ya kuteleza, lastiki laini usoni, shingoni iwe ndefu ya kutosha kuingia ndani ya nguo ya juu. Shona sita, rangi moja na nguo za chumba cha upasuaji, zifuliwe na nguo za hospitali, usizipeleke nyumbani. Jumatatu hiyohiyo mpelekee msimamizi moja aishike mkononi. Na shangazi akishaonwa, nitumie ujumbe.